Sista Perez Arudi Kuwa Nesi Mpya

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Sista Perez Omolo, hata kabla ya kuuona urefu wake au mwanya wake wa mbele, ni kwamba hakuuliza swali bila kukupa majibu manne. Ungebisha hodi nyumbani kwake katika mtaa wa Umoja, naye angekufungulia mlango kwa bashasha na kukuuliza, "Utakunywa chai, uji, maji, au umekuja kusengenya tu?" Shire, mwenye duka la pembeni, alikuwa ameshazoea. Akimwona tu anavuka barabara, alimwahi: "Sista, leo ni mkate, maziwa, sabuni, au hakuna jibu sahihi?" Perez alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akasahau alichokuwa amekuja kununua.

Ugonjwa huo, kama mumewe alivyouita, ulimwanza mwaka huu huu wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Walter Omolo ni karani wa reli, mtu mpole anayependa ugali wake uwe mweupe na magazeti yake yawe kimya. Jioni moja alikunja gazeti na kumtazama mkewe juu ya miwani.

"Mama Anyango, mimi nilioa mwanamke au nilioa karatasi ya mtihani?"

"Ulioa mwanamke, ulioa karatasi, ulioa vyote viwili, au..."

"D," alisema Walter.

"D sijaisema bado!"

"Najua. Lakini katika mitihani yenu D huwa na usalama."

Sababu ya yote hayo ilikuwa heshima kubwa. Perez, msimamizi wa kliniki ya baraza la mji, mwanamke aliyewazalisha nusu ya watoto wanaocheza kati ya nyumba za Umoja, alikuwa ameteuliwa kuingia katika kamati ya kutunga maswali ya mtihani wa leseni. Huo ndio mtihani ambao kila nesi anayemaliza chuo hana budi kuufanya. Akishinda, anasajiliwa na kuruhusiwa kumhudumia mgonjwa bila mkufunzi kusimama nyuma ya bega lake. Akishindwa, anarudi kwenye vitabu. Kwa hiyo anayetunga maswali hayo anakaa mlangoni mwa kazi nzima ya uuguzi, na Perez alipopata habari kwamba yeye ndiye atakayesimama mlangoni hapo, aliruka jikoni mpaka sufuria ya dagaa wa omena ikaanguka.

Namna alivyoteuliwa ni hadithi inayosimuliwa mpaka leo katika kliniki za Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji. Ilikuwa kwenye semina. Mkufunzi mmoja alikuwa akiwasomea manesi maswali ya karatasi za zamani, zile zilizorithiwa tangu enzi za ukoloni, na akafika kwenye swali lililouliza jinsi ya kuongeza makaa ya mawe kwenye moto wa chumbani usiku wa baridi bila kumwamsha mgonjwa. Perez aliinua mkono, na kabla hajaruhusiwa akawa amesimama.

"Mwalimu, mimi nimefanya kazi Kaloleni, nikafanya Makadara, nikafanya Bahati, na sasa niko Umoja. Huo moto wa chumbani nitauwasha wapi? Chini ya kitanda?"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vicheko. Perez hakuketi. Aliendelea kusema, huku akitikisa kidole, kwamba msichana anaweza kushinda mtihani kwa kujua moto wa Ulaya, halafu siku yake ya kwanza kazini akashindwa kumwonyesha mama wa Dandora jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mtihani uko huku, kazi iko kule, na katikati hakuna hata daraja. Walimpigia makofi. Mwisho wa mwezi aliitwa kamatini.

Hapo ndipo furaha ilipopata mwiba.

Kamati ilikuwa na wakufunzi wa vyuo na matroni wa hospitali kubwa. Perez peke yake ndiye aliyetoka katika kliniki za mitaa. Mwenyekiti, Bwana Kitonga, alikuwa mkufunzi mkongwe mwenye sauti ya chini na suti moja ya kijivu, na alikuwa na utaratibu wake ambao wote waliuita ungo. Mtunzi alisoma swali lake kwa sauti. Kisha wenzake wote waliuliza kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "Nani anafanya hivi, na lini?" Kama jibu lilikuwa "Nesi mpya, katika mwaka wake wa kwanza," swali lilipita. Kama jibu lilikuwa jingine lolote, swali lilikunjwa na kutupwa ndani ya katoni ya sabuni iliyokaa miguuni pa Kitonga.

Maswali ya moto wa makaa yaliingia katonini siku ya kwanza, na Perez alishangilia kwa miguu chini ya dawati. Kisha ikafika zamu yake. Alisimama, akakohoa, akasoma kwa majivuno:

"Manesi watatu hawakuja kazini. Maji yamekatika. Dawa za sindano zimekwisha, na akina mama wawili wamepata uchungu kwa wakati mmoja. Utaanza na lipi?"

"Nani anafanya hivi, na lini?" kamati iliuliza.

"Mimi," alisema Perez. "Jumatatu iliyopita."

Walicheka mpaka matroni mmoja akavua miwani kujifuta macho. Bwana Kitonga naye alitabasamu. "Ni swali zuri sana, Sista. Ni zuri kwa msimamizi aliye kazini miaka ishirini. Lakini nesi mpya akiulizwa hilo, jibu sahihi ni kulia." Akalikunja polepole, kwa heshima, akalitupa katonini.

La pili lilihusu kupanga zamu za wafanyakazi. Katonini. La tatu lilihusu kubishana na afisa wa baraza mpaka alete friji ya chanjo. Katonini, na hapo walicheka hata kabla ya kuuliza. Kikao baada ya kikao mambo yalikuwa yale yale. Perez, aliyeingia kamatini kwa kupiga kelele kwamba mtihani uko mbali na kazi, aliandika maswali yaliyokuwa mbali na kazi kwa upande wa pili. Wale wa zamani walikuwa wakiuliza kazi ya Ulaya. Yeye alikuwa akiuliza kazi ya Perez.

Mwisho wa kikao kimoja Kitonga alimwita kando. "Sista, kikao kijacho ndicho cha mwisho kabla ya kufunga karatasi ya mwaka huu. Mjumbe asiye na swali hata moja katika karatasi hiyo humpisha mwingine. Ndiyo kanuni, siwezi kuivunja. Na atakayekuja pengine atakuwa mwalimu wa chuo."

Perez alielewa. Akitoka yeye, hakutabaki mtu mezani anayejua benchi la kliniki ya mtaani lina urefu gani saa mbili asubuhi. Alifika nyumbani akatupa mkoba juu ya kochi.

"Walter, swali moja tu! Sijui kutunga swali moja?"

"Kwani wewe ulikuwaje ulipokuwa nesi mpya?" aliuliza Walter.

Perez aliweza kukumbuka viatu vyake vya kwanza vya kazi, jinsi vilivyombana, lakini alipojaribu kukumbuka ndani ya viatu hivyo alikuwa akifanya nini kutwa nzima, hakupata kitu. Mikono yake ilikuwa imezoea mno. Kila jambo alilolijua lilionekana kama alizaliwa nalo.

"Nimesahau," alisema kwa mshangao. "Walter, nimesahau kabisa kuwa mpya!" Na badala ya kuhuzunika alianza kucheka, maana wazo lilikuwa limemjia, tena wazo la kichaa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Rispa. Rispa alisoma naye chuo cha uuguzi, wakalala vitanda vya jirani, wakaazimana soksi, na sasa alikuwa msimamizi wa kliniki nyingine upande wa pili wa Jogoo Road. Humwita Perez kwa jina la kwao, Nyar Gem, yaani binti wa Gem, hasa anapotaka kumchokoza.

"Nina likizo yangu ya wiki," alisema Perez. "Nataka kuja hapa kwako nifanye kazi kama nesi mpya. Wasijue mimi ni nani. Nipe kazi za mpya, nitume kama mpya, nigombeze kama mpya. Nimeshapata ruhusa kwa matroni."

Rispa aliweka kikombe chini. Tabasamu lilianza pembeni mwa mdomo likaenea uso mzima. "Nikugombeze?"

"Ndiyo."

"Nyar Gem, mbele ya watu?"

"Rispa, ni kazi, si mchezo."

"Mungu yupo," alisema Rispa akiinua macho juu. "Tangu chuoni nimekuwa nikiomba siku hii."

Perez aliuvua mkanda mwekundu wa usista, akauacha kabatini kwake, na Jumatatu akafika kwa Rispa na gauni la kawaida na kofia isiyo na alama. Manesi waliambiwa kwamba huyu ni mama aliyechelewa kusoma, amesajiliwa juzi tu. Aliyepewa kazi ya kumwonyesha mazingira alikuwa Wacera, msichana mwembamba, mchangamfu, aliyekuwa na miezi michache tu kazini na tayari alijua kila mtoto wa mtaa kwa jina la utani.

"Sasa mathe!" alisema Wacera akimpa mkono, akimwita mama kwa lugha ya vijana wa mtaani. "Karibu. Usiogope, hata mimi siku ya kwanza nilijificha chooni."

Moyo wa Perez uliyeyuka papo hapo. Alimfuata Wacera ndani, na mguu wake, uliozoea njia moja tu kwa miaka mingi, ukampeleka moja kwa moja kwenye meza ya msimamizi. Akaketi kwenye kiti cha Rispa. Akaweka mkoba juu ya meza. Akasema bila kutazama nyuma, "Niletee chai, halafu uwaite wa kwanza."

Wacera alimvuta kwa mkono wa gauni. "Mathe! Mathe, toka hapo! Hicho ni kiti cha Sista! Unataka kufutwa kabla ya saa tatu?"

Rispa alikuwa mlangoni. "Na huyu ni nani aliyeketi kwenye kiti changu?" alinguruma, kwa furaha iliyomtetemesha mabega.

"Ni mpya, Sista," Wacera alimtetea haraka. "Bado hajajua. Msamehe."

"Wapya wa siku hizi hawana adabu. Mpeleke kwenye mizani!"

Kwenye mizani ndipo Perez alipojua kwa kweli kwamba alikuwa amesahau. Mtoto anavalishwa kaptura ya kitambaa yenye mikanda, kisha ananing'inizwa kwenye ndoano kama kikapu, na muuguzi anasoma sahani kabla mtoto hajaanza kuzunguka. Perez aliwahi kutia saini makaratasi ya mizani za kliniki nzima, lakini mara ya mwisho kumvalisha mtoto kaptura hiyo ilikuwa lini? Wa kwanza alimtia miguu yote miwili katika tundu moja. Wa pili alizunguka kama pia na kumkojolea kifuani. Akina mama kwenye benchi walishikana kwa kucheka.

"Pole mathe," alisema Wacera, akimfuta kwa pamba. "Huyo hukojolea kila mtu. Hata Sista alishapata."

"Alipata?" Perez aliuliza kwa hamu isiyofichika.

"Mpaka kwenye kofia."

Kisha vidonda. Perez alikuwa hodari wa kufunga vidonda, kila mtu alijua. Aliinama juu ya goti la fundi seremala, akasafisha vizuri, na bila kuinua kichwa akanyoosha mkono wa kulia wazi, akingoja. Mkono ukabaki hewani. Akautikisa kidogo. Hakuna kilichotua juu yake.

"Mathe, unaomba nini?" alinong'ona Wacera.

"Bandeji."

"Iko kabatini. Unaenda unaichukua."

Perez aliangalia kiganja chake kitupu na kicheko kikampanda kutoka tumboni. Kumbe kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mtu wa kuweka vitu mkononi mwake! Kumbe huyo mtu alikuwa nesi mpya! Fundi seremala alitazama goti lake kwa wasiwasi, akidhani ndilo linalochekwa.

Basi siku ziliendelea hivyo, na Perez alirudi nyumbani kila jioni amechoka kama mtoto wa shule na amejaa habari. Kazi ya nesi mpya haikuwa kubishana kuhusu friji. Ilikuwa ni kupima joto, na kujua la kufanya pale mama anapokataa mtoto apimwe. Ilikuwa ni kueleza kidonge kinamezwa vipi kwa mzee anayetikisa kichwa kwamba ameelewa na hajaelewa. Walter alisikiliza akitafuna ugali wa manjano na akasahau kuulalamikia.

"Na swali?" aliuliza.

"Bado. Nina kazi tele, lakini hayo yote wameshayauliza wenzangu. Bado sijalipata langu."

Lilimpata yeye, siku ya Alhamisi.

Mama mmoja aliingia akikimbia, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameharisha na kutapika tangu jana yake. Wacera alimpokea, akamlaza, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikakaa imesimama badala ya kurudi. Macho yalikuwa yamezama; mwili ulikuwa umeishiwa maji. Perez alikuwa hatua moja tu kutoka hapo, na kila kitu ndani yake kiliruka: alishajua, alishaona, mikono ilishaanza kwenda kwenye kabati la drip, maji ya kutiwa mshipani.

Wacera alimzibia njia. "Mathe, hapana. Hiyo si yetu. Sisi tunaita."

"Kuita! Mtoto yuko hivi, wewe uende kuita?"

"Wewe kaa naye, mpe hii kwa kijiko, kidogo kidogo," Wacera alimtia kikombe cha maji ya chumvi na sukari mkononi, akatoka mbio. Chumba cha pili kilikuwa karibu, na Perez alimsikia waziwazi akisema kwa pumzi moja, bila kubabaika: "Sista, nina mtoto wa miezi tisa, anaharisha na kutapika tangu jana, ngozi hairudi, macho yamezama, mchovu lakini anameza. Nimeanza kumpa maji kwa kijiko. Naomba uje na drip."

Rispa alikuja akikimbia, na drip alikuwa nayo mkononi.

Mtoto alipona. Kufikia mchana alikuwa akilia kwa nguvu, kilio kile kinachowafurahisha manesi, na mama yake alikuwa akilia pia na kucheka. Perez na Wacera waliketi kwenye ngazi za nyuma wakinywa chai.

"Mimi nilidhani kuita ni woga," alisema Perez.

"Ai, mathe! Kuita ni kazi. Ukiita vizuri, Sista anakuja na kitu mkononi. Ukiita vibaya, anakuja na mdomo tu." Wacera alipuliza chai. "Mimi wiki yangu ya kwanza nilikimbia nikapiga kelele 'Sista, njoo, njoo!' Akaja. Akaniuliza, nije kwa nini? Nikasahau yote. Akarudi tena kuchukua vitu. Alinigombeza huyo, mpaka nikasikia njaa."

Perez aliweka kikombe chini. Maswali yake yote, moja baada ya jingine, yalimpita mbele ya macho. Katika kila moja nesi alikuwa peke yake. Hakuna aliyeita mtu, kwa sababu Perez hana wa kumwita. Yeye ndiye anayeitwa. Na wakufunzi wa vyuo nao hawakuuliza jambo hilo, kwa maana vitabu vinafundisha nesi afanye nini, havifundishi aseme nini mlangoni mwa msimamizi huku mtoto akiwa nyuma yake. Hiyo hapo, kazi ya mwaka wa kwanza! Kujua mahali mikono yako inapoishia, na kuita kwa namna ambayo msaada unafika ukiwa umeshajiandaa.

Alimrukia Wacera na kumkumbatia mpaka chai ikamwagika.

"Mathe, uko sawa?" alisema Wacera. "Ni njaa?"

Swali lenyewe halitaandikwa hapa, kwa sababu Perez ameapa kutolisema na hakuna aliyeweza kulichomoa kutoka kwake. Walter alijaribu kwa utani na kwa pipi. Rispa alijaribu kwa vitisho vya kumrudisha kwenye mizani. Kinachojulikana ni kwamba alilisoma mbele ya kamati akiwa amesimama wima, akashusha karatasi, na kamati ikauliza kama kawaida, "Nani anafanya hivi, na lini?"

"Nesi mpya," alijibu Perez. "Katika mwaka wake wa kwanza. Alhamisi. Nilikuwepo, na mimi nilikuwa karibu kulikosa."

Hakuna aliyecheka. Matroni mmoja alisema polepole, "Hili, mbona hatukuwahi kuliuliza?" Bwana Kitonga alilishika swali kwa vidole viwili, akalisoma tena kimya, akaitazama katoni, kisha akalilaza juu ya meza na kuweka kalamu yake juu yake lisipeperuke.

Perez alipiga ukelele wa furaha uliosikika barabarani.

Lakini ungo wa Kitonga hupepeta mara moja zaidi. Swali jipya haliingii katika karatasi mpaka lijaribiwe na wenye kazi. Manesi waliosajiliwa karibuni wanaitwa kutoka kliniki mbalimbali, wanaketi, wanajibu, kisha wanaulizwa waziwazi: je, haya ndiyo mnayokutana nayo? Wakisema siyo, au wakilikosa kwa wingi, swali linakwenda katonini na Perez anakwenda nyumbani. Wakisema ndiyo, linabaki, na yeye anabaki nalo. Jaribio ni Jumanne ijayo, katika ukumbi wa kanisa moja kando ya Jogoo Road, na watunzi wote watakaa mbele wakitazama.

Leo Jumamosi, Walter amempeleka Burma, kwenye soko la nyama, kula nyama choma, ili atulie. Hajatulia. Nyama imepoa kwenye ubao, kachumbari imelowa, na Perez anamweleza mwenye bucha, ambaye hakuuliza, kwamba wauguzi wapya ndio majaji wakali kuliko wote. Hapo ndipo Rispa alipotokea kati ya meza, amebeba kifurushi cha maini, uso wake una furaha isiyo ya kawaida.

"Nyar Gem! Nimeambiwa nipeleke nesi mpya mmoja kwenye jaribio lenu."

Perez alimwacha mwenye bucha. "Na umemchagua nani?"

"Nilikuwa na mmoja tu."

"Wacera!"

"Ameshapiga pasi gauni. Anakuulizia kila siku, yule mathe ameenda wapi, hata hakuaga. Nimemwambia huenda mkaonana."

"Rispa, hujamwambia mimi ni nani?"

"Mimi?" Rispa alishika kifua. "Niharibu raha yangu? Nimeomba ruhusa nikae nyuma ya ukumbi."

Perez alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikwisha kumweleza Kitonga juu ya wiki yake kwa Rispa na juu ya wasichana aliofanya nao kazi, naye akasema haidhuru, hakuna aliyeliona swali, na majibu atayasahihisha yeye mwenyewe. Kwa hiyo haki ilikuwa salama. Kisichokuwa salama ni moyo wa Perez. Msichana aliyemfundisha kuita ataingia kupitia mlango ule, ataketi, atageuza karatasi, na kuamua kama alichofundisha kimeeleweka. Halafu atainua macho na kumwona mathe wake mbele, amevaa mkanda mwekundu.

"Atacheka au atanikasirikia?" alimuuliza Walter.

"Atacheka."

"Na swali? Atasema ndivyo kazi ilivyo?"

Walter aliusogeza ubao wa nyama karibu naye. "Kula kwanza, Mama Anyango. Jumanne si mbali."

Perez alichukua kipande, akakirudisha, akasimama, akaketi, na kumwomba Rispa amweleze tena, tangu mwanzo, Wacera alilipiga pasi gauni lile namna gani, na alikuwa akiimba au alikuwa kimya.